Povu, bia ya moto na bomba lililogoma: kutatua matatizo ya bia ya kegi kwenye hafla

Mtambo wa kumimina bia ya bomba kwenye hafla ya siku moja ni mdogo: kegi, mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi, regyuleta (kifaa kinachoshusha na kupanga presha ya gesi) yenye geji ya mtungi na geji ya presha ya chini, kapla (kile kichwa kinachofungwa juu ya kegi), mpira wa gesi, mpira wa bia, na sanduku la barafu lenye bomba usoni. Ndani ya sanduku kuna koili (mrija mrefu uliozungushwa) ya chuma kisichoshika kutu, au bamba la alumini lenye mirija iliyofichwa ndani yake. Friji hakuna. Bia inaingia sandukuni na joto ililokuja nalo, inapozwa njiani kwa sekunde chache, inatoka. Kwa hiyo kasoro nyingi zinazoonekana bombani zimeanzia nyuma, na anayeanza kwa kuchokonoa bomba hupoteza nusu saa huku foleni inarefuka.

Kagua kwa kufuata njia ya bia yenyewe: kegi, gesi, kapla, mpira, barafu, bomba mwisho. Uwe na kipimajoto, spana ya regyuleta, washa na oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za akiba, chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni, tochi na ndoo. Tochi wengi huisahau, nayo ndiyo inayotoa majibu ya haraka kuliko zote.

Povu tupu, bia kidogo

Hili ndilo tatizo kubwa, na ndilo linalotibiwa kinyume. Mtu akiona glasi imejaa povu, mkono unakwenda wenyewe kwenye regyuleta kushusha presha. Kwa dakika mbili tatu mambo huonekana yametulia, kwa sababu bia inatoka polepole. Kisha povu linarudi, safari hii zaidi ya mwanzo.

Bia nyingi za lager zina gramu 5 hivi za kaboni dioksidi katika kila lita. Gesi hiyo hukaa imeyeyuka kwa sharti moja: presha iliyo juu ya bia iendane na joto lake. Kadiri bia inavyokuwa ya moto ndivyo gesi inavyotaka kutoka, na ndivyo inavyohitaji kukandamizwa zaidi. Ukishusha presha chini ya kiwango chake, gesi inajitenga humo humo ndani ya kegi na mpira, kabla bia haijaonja barafu. Kinachofika kwenye koili ni bia iliyochanganyika na mapovu, na zile sekunde chache za baridi hazitoshi kuyarudisha.

Hizi ndizo presha za kushikilia gesi kwa lager ya kawaida, kama zinavyosomeka kwenye geji:

| Joto la bia ndani ya kegi | Presha |
|---|---|
| 3°C | bar 0.8 |
| 10°C | bar 1.2 |
| 15°C | bar 1.5 |
| 20°C | bar 1.9 |
| 25°C | bar 2.3 |
| 30°C | bar 2.7 |

Ongeza bar 0.1 hadi 0.2 juu yake. Kama geji yako ni ya psi, bar 1 ni psi 14.5. Sehemu za mwinuko ongeza bar 0.1 kwa kila mita 1,000, maana geji hupima tofauti na hewa ya nje, na huko juu hewa ina uzito mdogo. Usipite bar 3, na kabla ya kukaribia hapo soma kiwango cha juu kilichochongwa kwenye kegi au kilichoandikwa kwenye lebo ya kegi ya plastiki.

Joto la kegi usilikisie kwa kiganja. Bandika kipimajoto ubavuni, chini ya usawa wa bia, kifunike kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa, subiri dakika 10. Kegi iliyotoka chumba cha baridi alfajiri ikasafirishwa saa tatu kwenye gari la wazi si kegi ya baridi, hata kama ina umande.

Sasa tumia tochi. Mulika mpira wa bia pale unapotoka kwenye kapla, bomba likiwa limefungwa, kisha mwenzako alifungue.

Ukiona vipovu vidogo vinapanda taratibu na kukusanyika mahali mpira ulipopinda juu, hata bomba likiwa limefungwa, presha ni ndogo kwa joto la kegi hiyo. Pandisha bar 0.2, mimina glasi moja uitupe, mulika tena. Rudia mpaka mpira uwe safi kama kioo.

Ukiona mapovu makubwa yanaingia kwa mstari kuanzia kwenye kapla yenyewe kila bomba linapofunguliwa, ama kegi inakaribia kuisha, ama oringi ya kile kijiti cha katikati ya kapla imechanika na gesi inapenya moja kwa moja kwenye njia ya bia. Tikisa kegi kidogo usikie uzito wake. Kama bado ni nzito, funga gesi, toa presha, vua kapla ubadilishe oringi. Kapla mpya ikiwepo ni haraka zaidi, oringi utabadilisha baadaye.

Ukiona bia safi isiyo na povu hata moja kwenye mpira, lakini bombani linatoka povu, kegi na gesi hazina hatia. Tatizo liko sandukuni, kwenye bomba au kwenye mkono unaomimina.

*Presha ina mabwana wawili.* Bwana wa kwanza ni joto la kegi. Wa pili ni ukinzani wa njia. Koili ya mrija wa milimita 8 hula takriban bar 0.07 kwa kila mita, hivyo koili ya mita 36 hula bar 2.5 na ya mita 15 hula bar 1 tu. Kegi ya 25°C kwenye bar 2.4 na koili ya mita 36 wanaelewana vizuri. Kegi hiyo hiyo kwenye koili ya mita 15 itatoa bia kwa kasi ya kugonga kitako cha glasi, na kugonga huko ndiko kunakozaa povu. Hapa kushusha presha kunaponya upande mmoja na kuharibu mwingine. Dawa ni kuongeza ukinzani: bomba lenye kidhibiti cha kasi ubavuni, au mita 1.5 hadi 2 za mpira mwembamba wenye tundu la milimita 5, ambao huongeza bar 1 hivi.

Mpira huo mwembamba ufungwe *baada* ya koili, kati ya koili na bomba, ukiwa ndani ya maji ya barafu. Watu huufunga upande wa kegi kwa sababu ni rahisi kuufikia. Huko bia bado ni ya moto, na presha ikishuka kabla ya baridi gesi inajitenga pale pale. Presha ikishuka bia ikiwa tayari imepoa, bia inatulia.

Bamba lina sheria tofauti. Mirija yake ni mifupi, mita chache tu, kwa hiyo linamalizia baridi, haliitengenezi. Kegi inayounganishwa na bamba iwe 5°C au chini, presha kati ya bar 1 na 1.4. Kegi ya moto kwenye bamba haina ufumbuzi wa regyuleta. Iingize kwenye beseni kubwa la maji na barafu mpaka mabegani kwa saa kadhaa, au tafuta sanduku la koili.

Sababu nyingine za povu, ambazo hazihitaji maelezo marefu:

- Kegi imetikiswa. Baada ya safari ipumzike saa 2 angalau, usiku mzima ni bora. Kuibiringisha kutoka kwenye gari hadi kwenye meza na kuiunganisha hapo hapo ni kujitafutia balaa.
- Bomba limefunguliwa nusu. Bomba la bia hufunguliwa lote kwa mkupuo na kufungwa lote kwa mkupuo. Tundu likiwa nusu bia inapasuka mlangoni. Anayetaka kupunguza kasi atumie kidhibiti cha ubavuni.
- Mdomo wa bomba umezama ndani ya bia, au glasi imesimama wima. Ilaze glasi nyuzi 45, iinue taratibu ikifika robo tatu.
- Glasi imetoka kwenye jokofu la kugandisha na ina ukoko wa barafu. Ule ukoko unachokoza gesi. Suuza kwa maji safi ya baridi, inatosha.
- Gesi iliachwa wazi usiku kucha. Kegi ya 4°C iliyolala kwenye bar 2.3 inaendelea kunyonya gesi, na kesho yake hakuna presha itakayoituliza. Funga koki, vuta kipete cha vali ya usalama kwenye kapla utoe presha, subiri nusu saa, rudia. Itapungua, ingawa si yote.

Kuna povu moja linalowachanganya hata wazoefu: asubuhi bia ilitoka vizuri, saa nane mchana ni povu, na hakuna aliyegusa kitu. Jua ndilo lililogusa. Kegi ya chuma iliyosimama juani hupanda kutoka 18°C hadi 28°C bila mtu kujua, na presha ya asubuhi haitoshi tena. Ivishe gunia lililoloa, iweke kivulini, pima upya, ifuate jedwali.

Glasi ya kwanza baridi, ya tano ya moto

Koili ya mita 36 hubeba lita 1.2 hivi, ya mita 15 nusu lita. Glasi ya kwanza au ya pili ni bia iliyokuwa imelala kwenye barafu muda wote, kwa hiyo haikuambii lolote kuhusu uwezo wa sanduku lako. Pima ya tano, zikiwa zimemiminwa mfululizo. Ukipata 3°C hadi 5°C, uko salama.

Ikiwa ya tano imepanda hadi 9°C au 10°C, fungua kifuniko uangalie maji kabla ya kuangalia barafu. Koili hufanya kazi ndani ya *maji* yaliyojaa barafu. Barafu kavu ya vipande hugusa mrija hapa na pale tu, katikati kuna hewa, na hewa haichukui joto. Jaza barafu mpaka ifunike koili, kisha maji mpaka yafunike koili. Tumia maji yaliyopozwa kadiri inavyowezekana: lita 15 za maji ya 25°C zinayeyusha karibu kilo 5 za barafu kabla hujamimina hata glasi moja.

Jambo la pili ni kukoroga. Barafu inaelea, na maji huwa mazito kuliko yote yakiwa 4°C, kwa hiyo yale ya 4°C yanazama na kukaa chini huku ya 0°C yakibaki juu na barafu. Mizunguko ya chini ya koili inabaki kwenye maji yasiyo baridi ya kutosha, na sanduku linaonekana limejaa barafu. Koroga kwa mwiko mrefu kila dakika 15, kila dakika 5 wakati wa foleni. Ni kazi ya kijinga lakini inaleta nyuzi mbili tatu.

Bamba ni kinyume kabisa. Lenyewe linataka barafu imguse mgongo, na maji yaondoke. Acha tundu la kutolea maji wazi muda wote, na sanduku liinamie upande wa tundu. Maji yakisimama juu ya bamba hukaa kama blanketi. Kosa jingine la bamba halionekani kwa juu: barafu iliyogusa bamba imeyeyuka, iliyobaki imeshikana na kutengeneza kidaraja, chini yake ni uwazi mtupu. Kwa macho sanduku limejaa. Ibomoe kwa mkono au mwiko wa mbao kila nusu saa, ishuke. Usitumie kitu chenye ncha.

Kiasi cha barafu huhesabika. Kupoza lita 50 kutoka 25°C hadi 4°C kunayeyusha kilo 13 za barafu kwa hesabu ya joto pekee. Ongeza maji ya kuanzia, joto linaloingia kila kifuniko kinapofunguliwa, na barafu iliyoyeyuka ikisubiri. Weka kilo 20 hadi 25 kwa kila kegi ya moto. Kegi hiyo hiyo ikija na 6°C, hesabu inashuka hadi kilo 1 na robo. Kwa maneno mengine, anayepoza kegi mapema anayeyusha karibu moja ya kumi tu ya barafu hiyo. Na kama foleni ni ndefu na kegi ni za moto, koili moja inayomwaga lita 2 kwa dakika inadaiwa kutoa joto la kilowati 3. Haitaweza muda mrefu. Punguza kasi kwa kidhibiti, au fungua bomba la pili lenye koili yake.

Chumvi isitiwe. Chumvi inashusha maji ya barafu chini ya sifuri, na bia ya kawaida huanza kuganda kwenye 2°C hivi chini ya sifuri. Foleni ikikatika kwa dakika chache koili inaziba, na ndipo unapokutana na tatizo linalofuata.

Haitoki kabisa

Anza na mambo ya aibu, kwa sababu ndiyo yanayotokea: koki ya mtungi imefungwa, koki ndogo chini ya regyuleta imefungwa, mpini wa kapla haujashushwa mpaka ukaita "tak", mpira umekanyagwa na mguu wa meza. Kisha:

Geji ya presha ya chini inasoma sawa lakini bia hakuna: inua mpini wa kapla, funga gesi, toa presha, vua kapla utazame. Kwenye mlango wa gesi kuna kimpira cheusi cha kuzuia bia isirudi kwenye gesi. Kikikaa kichwa chini, gesi haipiti. Kwenye njia ya bia kuna gololi ndogo ambayo hunata ikiwa kapla ilihifadhiwa chafu. Ioshe kwa maji ya moto.

Kapla si ya kegi hiyo: aina ya S, iliyozoeleka Ulaya, na aina ya D, ya Marekani, zinafanana kwa nje na huingia kwa kuzungushwa namna moja, lakini kijiti cha S ni kirefu zaidi. D kwenye kegi ya S haifungui vali vizuri. S kwenye kegi ya D ukiilazimisha unaweza kuharibu vali. Aina A, G, M na U hujitofautisha zenyewe kwa umbo. Uliza aina ya kegi siku ya kuagiza, si siku ya hafla.

Koili au bamba limeganda: dalili ni bomba lililokuwa linafanya kazi, likakaa kimya dakika 20, likagoma. Kwa bamba hutokea pia mwanzoni kabisa, maji ya kuoshea yalipobaki mirijani kisha ikamwagwa barafu kavu iliyotoka moja kwa moja kwenye jokofu la kugandisha. Ndiyo maana utaratibu ni kupitisha bia kwanza mpaka maji yote yatoke bombani, barafu baadaye. Ikishaganda, toa barafu, mimina maji ya uvuguvugu kwenye sanduku, subiri. Usipandishe presha ukitegemea kulisukuma donge la barafu.

Na kamwe usijaribu kufungua vali ya kegi yenyewe. Ile pete inayoishikilia ikitoka kegi ikiwa na presha, kijiti cha ndani hurushwa kama risasi.

Inatoka kwa kusuasua, au bomba linakohoa

Kukohoa (bia, hewa, bia, hewa) ni kegi inayoisha, au mtungi unaoisha. Tazama geji ya mtungi. Kusuasua kwa mfululizo kuna sababu za kawaida tatu: washa ya mpira kwenye nati ya bomba imekazwa kupita kiasi ikabonyea na kuziba tundu, mpira umejikunja ndani ya sanduku chini ya barafu, au kegi iko chini mno ya bomba. Kila mita ya kupanda hula bar 0.1, kwa hiyo kegi iliyo ardhini na bomba la juu ya meza havileti shida kubwa, lakini kegi iliyobaki chini ya jukwaa la mita 3 ni habari nyingine.

Regyuleta ikipata theluji huku bia ikififia, angalia kama mtungi umelazwa. Mtungi wa kaboni dioksidi husimama wima, umefungwa kwa mnyororo au mkanda kwenye kitu kisichoanguka. Ukilala, kimiminika huingia kwenye regyuleta, kinaigandisha na kuharibu kiwambo chake.

Gesi imeisha kabla ya bia

Kwa kegi ya lita 50 ya moto, inayosukumwa kwa bar 2.3, gesi inayobaki ndani ya kegi tupu ni gramu 300 hivi. Mtungi wa kilo 2 kwa hesabu unatosha kegi 6, panga 4. Ukitumia zaidi ya hapo kuna mahali panavuja.

Geji ya mtungi haipimi kiasi. Maadamu ndani kuna kimiminika, itasoma bar 57 hivi kwenye 20°C, mtungi ukiwa umejaa au umebaki robo. Ikianza kuanguka, kimiminika kimekwisha na zimebaki glasi za kuhesabu. Pima kwa mizani: uzito wa mtungi mtupu umechongwa shingoni, toa huo, kinachobaki ni gesi.

Kutafuta uvujaji ni dakika tano. Fungua gesi, bomba likiwa limefungwa, pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo: shingo ya mtungi, mpira wa gesi pande zote mbili, mlango wa gesi wa kapla, kapla inapokutana na kegi. Kinachovuja mara nyingi kuliko vyote ni washa ya nailoni kati ya mtungi na regyuleta, iliyotumika mara nyingi ikakauka. Badilisha kila unapobadilisha mtungi. Regyuleta zenye oringi yake ya kudumu hazihitaji washa hiyo, na kuiongeza ndiko kunakoleta uvujaji.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa na haina harufu. Kwenye hema la wazi haitishi. Ndani ya gari lililofungwa au chumba cha chini ni hatari ya kuua. Safirisha mtungi koki ikiwa imefungwa, regyuleta imevuliwa, madirisha wazi.

Bia imepoa vizuri lakini haina povu wala gesi

Kwanza onja. Ikiwa inachoma ulimi kama kawaida, gesi ipo na kosa ni glasi: mafuta, masalia ya sabuni, midomo yenye mafuta ya nyama. Loanisha glasi, imwage, nyunyiza chumvi kavu kidogo ndani. Isiposhika sehemu fulani, hapo pana mafuta. Kosa lingine ni baridi iliyozidi: bia ya 1°C haitoi povu la maana, ongeza kasi ya kumimina kidogo.

Ikiwa imelala ulimini, gesi imetoka. Kegi ya moto iliyokaa nusu siku kwenye bar 0.8 hupoteza gesi yake yote ya ziada kwenye nafasi iliyo juu ya bia. Haiponi siku hiyo. Pampu ya mkono nayo huishia hapa: presha yake inapanda na kushuka, na inasukuma hewa badala ya kaboni dioksidi. Kwa hafla ya jioni moja ambapo kegi itakwisha inakubalika, lakini bia iliyobaki itakuwa imeharibika kesho yake. Kwa koili ya mita 36, utapiga pampu mpaka mabega yaume.

Stauti zenye krimu ya nitrojeni zinataka mchanganyiko wake wa gesi (kwa kawaida nitrojeni 75 na kaboni dioksidi 25 kwa mia) na bomba lake lenye kisahani cha matundu. Ukiziunganisha na gesi ya kawaida unapata povu kubwa la lager kwenye bia nyeusi, na hakuna cha kurekebisha hapo.

Ladha ya ajabu

Siki au siagi iliyooza: bakteria kwenye mirija, mdomo wa bomba au kapla. Karatasi iliyoloa: hewa iliingia, au bia ni ya zamani. Plastiki: mpira si wa chakula. Mpira wa bustani hautumiki kwa bia hata kwa saa moja. Ladha ya dawa: mirija haikusuuzwa.

Usafi wa vifaa vya kubeba una ugumu wake, kwa sababu vinakaa wiki kadhaa bila kutumika, na kijiko kimoja cha bia kilichobaki kwenye koili kinatosha kuotesha utando. Osha siku ile ile, kabla ya kufunga virago. Suuza kwa maji mpaka yatoke meupe, kisha pitisha dawa ya alkali ya kusafishia mirija ya bia, mkorogo wa asilimia 2 kwenye maji ya uvuguvugu, uizungushe kwa pampu dakika 15, au uiache imelala ndani dakika 20 ukiibadilisha katikati. Vaa glavu na miwani. Suuza mpaka karatasi ya kupimia pH isome sawa na maji ya kawaida. Klorini usiiweke kwenye koili, inakula chuma. Mara moja kila miezi mitatu tumia dawa ya asidi, kwa siku tofauti na alkali, kuondoa ukoko wa madini ambao alkali haiugusi.

Dawa ya alkali isisukumwe kwa kaboni dioksidi. Gesi hiyo inaimeza alkali, dawa inaisha nguvu, na chombo kilichofungwa kinaweza kuvutwa na kubonyea. Tumia pampu, au hewa.

Mwisho fungua bomba kipande kwa kipande, vipande vyake vilale kwenye maji ya dawa kisha maji safi. Puliza koili kwa kaboni dioksidi kavu mpaka bomba litoe gesi bila tone, na uligeuze sanduku huku na huku kwa sababu mizunguko ya chini hushikilia maji. Ziba ncha zote mbili kwa vifuniko safi. Koili iliyoachwa wazi stoo huvutia siafu na nyigu, na kiota kidogo cha udongo ndani ya mrija wa milimita 8 kitaonekana siku ya hafla kama bomba linalosuasua lisilo na sababu.